Majivu ya mkonge na kitendawili cha hataza

Binti mmoja niliyemfundisha kemia alikuja nyumbani kwangu hapa Ngombezi, mkoani Tanga, na bahasha ya kaki. Alinipa shikamoo, akakaa kwenye mkeka karibu na mke wangu, na hakusema la maana mpaka chai ilipokwisha. Kisha akanipa barua. Ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, ikijibu ombi lake la hataza, yaani haki ya mvumbuzi kulindiwa alichovumbua kwa miaka isiyozidi 20 ili mtu asikitumie bila ridhaa yake. Ombi lilihusu kichocheo alichotengeneza kwa majivu ya makapi ya mkonge. Barua ilisema jambo hilo ni dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa fani, kwa hiyo halina hatua ya uvumbuzi.

Neno dhahiri liliandikwa mara nne. Nilihesabu. Ofisi iliyoandika barua sitaitaja, kwa kuwa ugomvi wangu hauko nayo. Ugomvi wangu ni na neno hilo.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilizaliwa kambini, kwenye nyumba za safu za shamba la mkonge, mtoto wa manamba aliyeletwa na mkataba kutoka Kasulu. Baba alianza kwa kukata majani na kufunga matita, baadaye akahamishiwa korona. Kwa msomaji asiye wa huku kwetu, korona ni mashine inayoponda jani la mkonge na kulikwangua nyama mpaka zibaki singa nyeupe. Katika kilo moja ya majani, singa ni gramu kama 40 tu. Kinachobaki, maji na nyama ya kijani, hutoka kwa mfereji na kurundikana, na harufu yake kila aliyekulia Ngombezi, Magunga au Hale anaijua hata akiwa usingizini.

Baba alirudi jioni akijikuna mikono mpaka ngozi inachanika. Mama alimpaka mawese yaliyoletwa na ndugu kutoka Kigoma. Tulijua tu kwamba maji ya mkonge yanawasha, kama vile tulivyojua kwamba moto unaunguza. Nilipofika chuoni ndipo nilipoelewa sababu: ndani ya jani mna fuwele ndogo za oksaleti ya kalsiamu, zenye ncha kama sindano, na hizo ndizo zilizokuwa zikimchoma. Nilisoma mstari ule katika kitabu cha maktaba nikafunga kitabu, nikatoka nje kwa muda.

Nimeeleza haya kwa sababu kichocheo cha binti yule kinaanzia hapo hapo. Oksaleti ya kalsiamu ikichomwa hugeuka kwanza kuwa kaboneti, kitu kile kile kilichomo katika chaki na matumbawe. Moto ukizidi, ukafika nyuzi 800 na zaidi, kaboneti nayo hugeuka chokaa kali, ile ambayo bado haijamwagiwa maji. Chokaa ya namna hiyo inaweza kuwa kichocheo: inaharakisha badiliko la kikemia huku yenyewe ikibaki. Ukichukua mafuta yaliyokwisha kukaangia, ukayachanganya na methanoli na kuyapasha moto pamoja na kichocheo kama hicho, mafuta hujigawa: juu hukaa dizeli ya mimea, chini hutuama gliserini. Binti aliyapata mafuta yake kwa wakaanga chipsi wa stendi ya Korogwe, ambao wangeyamwaga mtaroni. Makapi aliyapata bure.

Alichoma makapi jikoni kwanza, majivu hayakufanya lolote la maana. Akayapeleka kwenye tanuri la tofali, yakafanya kazi. Kisha akaona jambo ambalo hakulitarajia: makapi yaliyolala mferejini mvua ikayapiga yalitoa majivu dhaifu, na yale aliyoyaanika siku ile ile yalipotoka korona yalitoa majivu yenye nguvu kuliko hata chokaa ya dukani. Anadhani, nami nadhani hivyo, kwamba potasiamu ya jani huondoka na maji, na kwamba potasiamu na chokaa vikiwa pamoja vinasaidiana. Majaribio yote ameyaandika kwa mkono katika kaunta buku lenye madoa ya mafuta, kila moja na tarehe yake.

Barua ilitaja maandiko mawili tu. La kwanza lilionyesha kuwa chokaa inajulikana kuwa kichocheo cha dizeli ya mimea. La pili lilihusu majivu ya maganda ya ndizi kwa kazi hiyo hiyo. Hoja ikawa hii: kwa kuwa chokaa inafaa, na majivu ya mmea mmoja yanafaa, basi majivu ya mmea mwingine wenye kalsiamu ni dhahiri. Habari ya kuanika siku ile ile haikuguswa hata kwa sentensi moja.

Sisi tuliolelewa na vitendawili tunalijua tatizo hili tangu utotoni. Mtu anasema: Kitendawili! Tunajibu: Tega! Anatega: nyumba yangu haina mlango. Watoto wanahangaika, huyu anasema kaburi, yule anasema jiwe. Wakishindwa, mtegaji anadai mji. Anapewa Tanga, anaukataa. Anapewa Lushoto, anaupokea, na ndipo anapofumbua: yai. Papo hapo watoto wote wanapiga kelele kwamba hata wao walijua. Hakujua hata mmoja. Jibu likishatajwa, akili haikumbuki tena ilivyokuwa gizani.

Hataza ni mji. Jamii inampa mvumbuzi mji kwa muda kwa sababu ametega kitendawili kilichowashinda waliokuwepo, na kwa sharti kwamba afumbue, yaani aandike wazi anavyofanya ili muda ukiisha kila mtu atumie. Sheria yetu ya Hataza ya mwaka 1987 inataka uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi, na uweze kutumika viwandani. Upya unapimika: unatafuta kama kitu kile kile kimekwisha kuandikwa. Hatua ya uvumbuzi ndiyo inayotoa jasho, kwa maana mkaguzi anakaa mezani jibu likiwa limekwisha kufumbuliwa mbele yake, naye anatakiwa ajifanye mtoto ambaye hajasikia neno yai.

Wenzetu wa Ofisi ya Hataza ya Ulaya kule Munich wamejiwekea kanuni ya kuwasaidia, na Kiswahili kinaieleza vizuri kuliko lugha nyingi ninazozijua. Hawaulizi kama fundi angeweza kufika pale. Wanauliza kama angefika: kama kulikuwa na kitu kilichomsukuma kwenda njia ile kabla hajajua kilichomngoja mwisho wake. Kati ya angeweza na angefika ndipo uvumbuzi unapokaa.

Katika historia ya vichocheo, kesi iliyonifundisha hilo ni ya amonia. Kila mkulima wa Korogwe anayenunua mfuko wa urea ananunua matokeo yake. Mjini Tanga tulikuwa na kiwanda cha mbolea kilichojengwa na kampuni ya Kijerumani, Klöckner, kikaanza kazi mwaka 1972 na kufungwa mwaka 1991. Shule zilikuwa zikipeleka wanafunzi pale kuona mabomba, nami niliwapeleka wangu. Niliwaambia kwamba nyuma ya harufu ile kali kuna hewa tunayovuta, naitrojeni, iliyofungishwa ndoa na haidrojeni kwa mgandamizo mkubwa, joto, na kichocheo cha chuma.

Aliyefanikiwa kwanza ni Fritz Haber, mjini Karlsruhe. Mwezi Julai 1909 aliwaonyesha watu wa kampuni ya BASF, akiwemo Alwin Mittasch, amonia ikidondoka kutoka mtambo wake mdogo, kichocheo chake kikiwa osmiamu, metali adimu mno. Mittasch alirudi kiwandani na wenzake, wakajaribu maelfu ya michanganyiko mpaka wakapata chuma kilichotiwa alumina na potasiamu. Potasiamu, ndiyo. Kiwanda cha kwanza kilianza Oppau mwaka 1913.

Kabla ya hapo kampuni pinzani, Hoechst, ilikwenda mahakamani kutaka hataza ya Haber ifutwe. Hoja yake ungeweza kuiandika upya leo ukabadilisha majina tu. Ilisema Haber hakuvumbua kitu: kwamba mgandamizo husaidia amonia kuundika ilikuwa kanuni inayojulikana, kwamba Henry Le Chatelier wa Ufaransa alikwisha kujaribu mwaka 1901, na kwamba Walther Nernst, bingwa wa kemia wa wakati ule, alikwisha kuunganisha gesi hizo kwa mgandamizo na vichocheo. Haber aliongeza mgandamizo tu. Dhahiri!

Shauri lilisikilizwa Leipzig mwezi Machi 1912. Nernst, ambaye miaka mitano nyuma alimkosoa Haber hadharani kwa ukali, alisimama upande wa Haber na kutoa ushahidi kwamba kazi ile haikuwa ya kutarajiwa. Wanahistoria wanaeleza kuwa BASF ilikwisha kumpa mkataba wa malipo ya kila mwaka, na hilo lazima lisemwe. Hata hivyo ukweli mmoja haukuhitaji shahidi wa kulipwa: Le Chatelier aliiacha kazi ile baada ya mlipuko, na Nernst alishika vipande vyote mkononi asiende mbele. Wote wawili wangeweza. Hakuna aliyefika. Hataza ilibaki.

Kwa hiyo nilipomaliza kusoma barua ya binti nilimuuliza swali hilo hilo. Mtu aliyesoma habari za chokaa na za maganda ya ndizi, angekuja mwenyewe kwenye mfereji wa korona? Alinyamaza, kisha akasema kweli: labda angekuja, Mwalimu. Nami nasema labda. Siombi hataza zigawiwe kama peremende kwa sababu mwombaji ni mtoto wa kwetu. Lakini je, angekuja siku ile ile majani yalipopondwa, akayaanika kabla ya mvua, akijua kinachopotea na maji? Hapo sioni maandiko yoyote yaliyotajwa yakimsukuma. Mkaguzi aliyebeba vipande viwili na kuviweka sambamba anatakiwa aonyeshe pia mkono uliovisogeza, na kama hauoni, aseme hivyo.

Kuna upande wa pili wa neno dhahiri, nao ndio unaoniuma zaidi. Kitendawili hutegwa mbele ya baraza. Tunaposema limeshindwa, tunamaanisha baraza la nani?

Mwaka 1963, mlimani kwetu Lushoto, katika Shule ya Sekondari Magamba, kijana aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye jokofu ilikuwa ndogo, akaogopa kuikosa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa, na baadaye darasani wakamcheka kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Hakuacha. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuhutubia. Osborne akaenda kupima, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanasayansi wanabishana hadi leo kuhusu sababu yake, na wengine kuhusu kama jambo lenyewe hutokea kila mara. Lakini katika masimulizi ya Mpemba mwenyewe kuna sehemu ambayo watu huipita haraka. Anaeleza kwamba huko nyuma alikutana na rafiki aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kwamba wao huingiza mchanganyiko ukiwa moto ili ugande upesi. Wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wakijua. Ilikuwa kazi yao ya kila siku.

Sasa tuseme mtu wa mbali, siku zile, angeomba hataza Marekani kwa njia ya kugandisha aiskrimu kwa kuanza na maziwa moto. Sheria ya Marekani, mpaka ilipobadilishwa kuanzia Machi 2013, ilihesabu matumizi ya watu kama yalifanyika ndani ya Marekani. Yaliyofanyika nje hayakuhesabika mpaka yawe yamechapishwa au yamepewa hataza mahali fulani. Muuza aiskrimu wa Tanga, mbele ya sheria ile, hakuwa amekaa barazani.

Linganisha na kilichotokea Uingereza. Kampuni moja ilikuwa na hataza ya ubao wa kuteleza majini wenye tanga, na ikaishitaki nyingine kwa kuuiga. Katika miaka ya 1980 Mahakama ya Rufaa ilithibitisha kuwa hataza ile haifai, kwa kuwa wazo lake lilikuwa dhahiri, na kati ya vielelezo ilivyovipima ni kazi ya mvulana wa miaka 12, Peter Chilvers, aliyejiundia ubao wa namna hiyo mwaka 1958 na kuchezea nao ufukweni Hayling Island. Hakuandika chochote. Alicheza, watu wakamwona, wakakumbuka. Mchezo wa mtoto mmoja ulitosha kuporomosha mali ya kampuni. Nakubaliana na hukumu ile kwa moyo wote. Ninachotaka ni kwamba mtoto wa Mombo apimwe kwa mizani ile ile.

Wahindi walipigania hilo na manjano. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda. Ilibidi baraza la utafiti la India lipeleke maandishi 32, mengine ya Kisanskriti, ndipo ikafutwa mwaka 1997. Na mwarobaini, ambao hapa kwetu umesimama karibu kila ua, ulikuwa na hataza ya Ulaya ya kuulia kuvu wa mimea kwa mafuta ya mbegu zake. Ilitolewa mwaka 1994, ikabatilishwa mwaka 2000, na rufaa ikaisha Machi 2005. Miaka kumi na moja ya kuthibitisha kile ambacho wakulima walikuwa wakikifanya.

Iliyo karibu nasi zaidi ni teff, nafaka ndogo ya Ethiopia inayotengenezewa injera. Mholanzi mmoja na kampuni yake waliomba hataza ya kusindika unga wake, na mwaka 2007 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ikawapa. Kiini cha madai yao kilikuwa kipimo ambacho waokaji hukitumia kuonyesha jinsi vimeng'enya vya nafaka vinavyovunja wanga. Nafaka ikiachwa ikomae baada ya kuvunwa, vimeng'enya hutulia na unga huoka vizuri. Vimeng'enya ni vichocheo, vya uhai badala ya vya tanuri, kwa hiyo hatujatoka nje ya mada. Kabla ya hapo, mwaka 2005, Ethiopia ilikuwa imetia saini mkataba wa kugawana faida na kampuni hiyo. Mwaka 2009 kampuni ikafilisika, faida iliyofika Addis Ababa ikiwa kidogo mno, huku hataza ikihamia mikononi mwa wengine na kuendelea kuishi.

Haikufutwa kwa juhudi za serikali. Ni mfanyabiashara mwingine wa Uholanzi aliyetaka kuuza teff na kuingia kwenye mgogoro, na tarehe 21 Novemba 2018 mahakama ya The Hague ikatamka kwamba hataza hiyo, kwa upande wa Uholanzi, ni batili kwa kukosa hatua ya uvumbuzi. Waokaji wa ngano walikuwa wanajua kipimo kile na wanajua nafaka inavyotulia ghalani. Kuyahamishia teff hakukuwa kitendawili. Addis Ababa walifurahi, nami nilifurahi nilipoisoma habari ile. Lakini nilijiuliza: ushahidi uliotosha ulikuwa ujuzi wa waokaji wa ngano wa Ulaya. Akina mama wa Gojam kule Ethiopia, ambao wameweka teff ghalani vizazi na vizazi, waliingia barazani kwa mlango gani?

Ndiyo maana nasema mizani inapimia upande mmoja. Kazi ya binti wa Ngombezi inaitwa dhahiri kwa sababu ya karatasi iliyochapishwa mbali na korona. Unga wa teff uliitwa uvumbuzi kwa miaka kumi na moja kwa sababu wanaoujua hawakuchapisha.

Ninachokitaka si kigumu. BRELA, ofisi ya usajili hapa nyumbani, na ARIPO, ofisi ya hataza ya kanda kule Harare ambako maombi mengi ya ukanda wetu yanapitia, wawe na desturi kwamba barua inayokataa ombi kwa udhahiri ieleze ni nini kingemsukuma fundi kuunganisha vipande, na ijibu kila dai la mwombaji, hasa lile analosema lilimshangaza mwenyewe. Na wanapotafuta mtu mwenye ujuzi wa fani, wasiishie kwenye majarida. Kwa mambo ya mkonge, fani iko hapa. Kituo cha utafiti cha Mlingano kipo tangu miaka ya 1930, na kazi ya watafiti wa Amani na Mlingano ndiyo iliyozaa mkonge chotara namba 11648, ambao sasa ndio unaolimwa kwa wingi hata Uchina. Mkonge ule ulitoka mkoani Tanga ukaenda duniani, ukaota. Daftari za kituo kama kile, na kumbukumbu za wazee wa korona, zinapaswa kuchapishwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, zikiwa na tarehe, mahali ambapo mkaguzi yeyote wa Munich, Harare au Dar es Salaam atazikuta. Hale, mwaka 2008, kilizinduliwa kiwanda kidogo cha kuzalisha umeme kwa gesi ya makapi ya mkonge. Nani ameandika kwa lugha tunayoisoma namna wafanyakazi walivyojifunza kuiamsha gesi ile, walianza na samadi kiasi gani, iligoma lini?

Nilimweleza binti haya yote, na nikamshauri tusiishie kulalamika. Tuandike jibu. Na kabla ya kuandika, nikamwambia, twende kwa jirani yangu, bibi wa Kizigua aliyepita miaka 80, ambaye mumewe alikuwa mchoma tofali. Nilitaka atuambie kwamba hakuna mtu aliyewahi kuchoma makapi ya mkonge tanurini.

Bibi alimpokea binti, akamwita mjukuu wangu, akamkalisha. Tulipomweleza, alicheka kwa furaha. Alisema walikuwa wakiyachoma. Wakati ule sabuni ilipopotea madukani, wanawake wa mtaa waliyaanika makapi, wakayasukuma chini ya tanuri la mumewe, yakatoka majivu meupe, makali, yanayokata mikono. Waliyachuja kwa maji, wakapikia mafuta ya nyonyo, wakapata sabuni. Majivu ya jikoni walikuwa wameyajaribu kwanza na yalikuwa hayana nguvu.

Binti aliinamisha kichwa. Nilijua anachokihesabu: nusu ya madai yake ilikuwa imekaa pale kwenye kigoda ikitutazama. Akaniuliza kwa sauti ya chini, Mwalimu, hili nalo tuliandike?

Nilimjibu kwamba hili ndilo tutakaloliandika kwanza. Siwezi kudai mahakama za Ulaya zimsikilize mama wa Gojam, halafu nimnyamazishe bibi wa Ngombezi kwa kuwa ushahidi wake unatuumiza. Tuliketi mpaka magharibi. Binti aliuliza, bibi akaeleza, nikaandika. Waliyaanika kwa muda gani? Hakujali, jua likiwepo, siku nne, tano. Ya mferejini walitumia? Walitumia yoyote. Waliwahi kutia majivu yale kwenye mafuta ya kuendeshea mashine? Hapana, mafuta ya kula yalikuwa hayapatikani, nani angeyachezea. Basi tukaona kilichobaki kwa binti ni nini: kuanika siku ile ile, kwa sababu inayojulikana na kupimwa, na kazi ya dizeli yenyewe. Ni kidogo kuliko alichoomba. Ni chake.

Nilimsomea bibi maelezo yake kutoka mwanzo ili aweke dole gumba. Nilipofika kwenye mwaka alinizuia.

“Umeandika 82,” akasema. “Si 82. Andika 83, mwaka wa kuwasaka wahujumu uchumi. Ndipo sabuni ilipopotea kabisa.”

Binti akachukua kalamu, akafuta, akaandika 1983, akauweka ukurasa ule juu ya zingine zote.